Nimewakaribisha Watu wa Ushuru Nikidhani ni Wakwe

Marafiki, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nilikuwa nimevaa suti.

Naandika haya nikiwa nimejificha nyuma ya jiko la mama, huku kwetu Kabuchai, maana mbele ya nyumba siwezi kusimama. Majirani bado wako pale kwenye ua. Wanajifanya wanatafuta kuku aliyepotea. (Kuku gani? Tumeshawachinja.) Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na wao.

Wengi wenu mnajua nilikuwa na duka la mbegu na mbolea Kitale. Duka lilikufa. Nikafunga mlango, nikauza rafu, nikarudi nyumbani kwa mama kama mwanafunzi aliyefukuzwa kwa kukosa karo. Ambacho sikukijua ni kwamba duka likifa, ushuru wake hauhudhurii mazishi. Unabaki hai, unakula, unanenepa. Kwanza zilikuja jumbe kwenye simu. Nikafuta. Halafu siku moja naenda benki Bungoma mjini kutoa pesa ya unga, dada wa dirishani ananiambia kwa upole, "Pole, wenye ushuru wametuandikia. Chochote kikiingia kwa akaunti yako ni chao kwanza." Nikacheka. Yeye hakucheka. Baadaye nikataka kuuza kaploti kangu ka Kitale, nikaambiwa kamewekewa zuio, hakauziki mpaka deni liishe.

Basi nikajiambia: akaunti wameshika, ploti wameshika, sasa tumemalizana. (Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.)

Sasa kuna Nekesa. Nekesa ni mwalimu Kitale, na kwa sababu ambazo hata mimi sizijui, amekubali nimuoe. Kwetu sisi, kabla ya kukubaliana ng'ombe za mahari, watu wa upande wa msichana huja kwako. Wanatembea bomani. Wanaona ng'ombe kwa macho yao, si kwa maneno yako. Juzi Nekesa aliniambia, "Baba mdogo atakupigia. Siku yoyote. Kaa tayari."

Nikakaa tayari.

Leo asubuhi nakamua, simu inalia. Namba siijui.

"Ni Simiyu?"

"Ndiye."

"Mimi naitwa Barasa. Tuko huku Kitare. Ire maneno yako imekaa sana bana. Sasa reo tunakuja tuone mahari."

Nyinyi mnaotoka sehemu zingine, nivumilieni kidogo. Sisi watu wa Bungoma, l na r kwetu ni mapacha. Tunawachanganya tangu utotoni, na mwalimu alitupiga mpaka akachoka. Kwa hivyo mtu wetu akisema "mahari", inaweza kuwa mahari ya kuoa, na inaweza pia kuwa mahali, yaani pale unapokaa. Mtu mwenye akili zake angeuliza ni ipi. Mimi nilikuwa na mapenzi.

"Karibuni sana!" nikapaza sauti mpaka ng'ombe akarusha teke. "Tumewangoja sana!"

"Mmetungoja?"

"Mama ndiye amewangoja kuliko hata mimi!"

Nikamsikia akimwambia mtu kando yake, "Huyu anasema wametungoja." Halafu akarudi kwangu. "Haya basi. Usitoroke."

"Nitoroke niende wapi, baba?"

Nilidhani ni utani wa wakwe.

Nikakimbia kwa jirani yetu Wekesa. Sisi tuna ng'ombe wawili tu, mmoja mzee na mwingine ana hasira. Wekesa ana kundi la maana. Nikamwomba aniazime wakae kwetu mpaka wageni waondoke.

"Na wakizipenda?" akauliza.

"Hiyo ni shida ya kesho."

Mama naye akachinja kuku wote. Kisha akafungua sanduku lake, akanitolea suti ya marehemu baba, ile ya kijivu aliyokuwa akivaa Krismasi na siku za wazazi shuleni. Ilinuka sanduku. Akaninyooshea kola, akaniangalia kwa muda, akasema, "Mabega ni yake." Nikasema asante.

Mwisho nikaivua trekta turubai.

Hapo lazima nisimame kidogo. Trekta ile ni ya baba. Alikuwa dereva kwenye shamba moja kubwa upande wa Kitale, na walipouza vitu vyao vikuukuu, yeye akachukua trekta badala ya kuchukua akili ya kununua mabati kama wenzake. Akaja nayo mwenyewe kutoka Kitale mpaka Kabuchai, mimi nimekaa juu ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, mtoto mdogo, nimeshika chuma kwa mikono miwili. Kila soko tulilopita nilipungia watu mkono. Sijawahi kuwa tajiri kama siku ile, na sidhani nitawahi.

Baba aliiita Karani, kwa sababu haikufanya kazi bila kubembelezwa. Mvua za kwanza zikinyesha, watu walikuwa wanakuja alfajiri kumgongea. Alimlimia huyu na yule. Wengine walilipa pesa, wengine mahindi, na mama mmoja mjane alikuwa analipa viazi vitamu, na baba anasema viazi vya huyo mama ni vitamu kuliko pesa. Sisi watoto tulikimbia nyuma yake kwenye matuta tukiokota chochote jembe lilichofukua. Harufu ya dizeli na udongo uliolowa, mpaka leo nikiisikia mahali popote nageuka.

Na jioni sasa. Hatukuwa na simu. Baba akifika pale kwenye mlima wa kanisa, trekta inabadilisha sauti kwa sababu ya kupanda. Mama akiisikia anaweka maji ya ugali jikoni. Baba akiingia getini, ugali unageuzwa. Sijui kama waliwahi kukubaliana hivyo, au ilitokea tu ikawa ndiyo maisha yetu.

Tangu tumzike, Karani hajasema neno. Wiki jana nilitia dizeli kidogo na betri ya kuazima, nikajaribu mpaka jasho likanitoka. Ilikohoa ikanyamaza, nikaiacha hivyo hivyo na betri yake. Mama alikuwa anapita na ndoo, akajifanya hajaona.

Tuendelee na aibu.

Wageni wakafika na pikapu nyeupe. Nyuma iko tupu kabisa. Mtu mwingine angejiuliza, wakwe gani hawa wanakuja na pikapu tupu? Mimi nikasema moyoni, hawa watu wamejipanga, wamekuja na chombo cha kubebea ng'ombe!

Akashuka bwana mfupi mwenye kofia, ndiye Barasa, kumbe mtu wa Sirisia, huku huku Bungoma. Akashuka na mwanamke kijana wa miwani, uso umekaza, anaitwa Chebet. Nikawaza, sikujua kwa kina Nekesa kuna Wasabaoti, jirani zetu wa Mlima Elgon, lakini Kitale watu huchanganyika. Nikamwinamia kwa heshima zote.

"Karibu, senge," nikasema. Senge ni shangazi yake bibi harusi.

Chebet akaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine. "Mimi?"

Mama akawakaribisha mezani. Barasa akakataa. "Hapana mama, sisi haturuhusiwi kukura kabra ya kazi." Na mimi ndiyo nikaamini kabisa! Kwa sababu mkwe wa kwetu hali haraka, lazima kwanza mambo yaeleweke. Nikamkonyeza mama kwamba mambo ni moto.

Tukaanza kuzunguka. Chebet anachukua video kwa simu.

"Hizi ng'ombe zote ni zako?" Barasa akauliza.

"Zote! Na zingine ziko malishoni." (Ziko malishoni kwa nani, Simiyu?)

"Na hii tlekta?"

"Yangu. Nani mwingine?"

"Na shamba?"

"Baba, kila unachokiona hapa ni changu. Mimi si mtu wa kuficha. Mkitaka, chukueni hata leo!"

Barasa akasimama. Akavua kofia akakuna kichwa. "Bwana Simiyu, nimefanya hii kazi miaka mingi. Hakuna mtu amewahi kuniambia nichukue. Watu wanatufungulia mbwa."

"Mbwa? Mnafunguliwa mbwa kwa sababu ya mahari?"

"Si kwa sababu ya mahari. Kwa sababu ya ushuru bana! Si nirikwambia tunakuja kuona mahari unakaa, na mari uko nayo?"

Mahali. Mali.

Nikashika madigadi ya trekta, palepale nilipokuwa nashika nikiwa mtoto. Barasa akanieleza bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stendi. Wakishaiambia benki, na wakishazuia ploti, na deni bado halijaisha, wanakuja kushika vitu vinavyobebeka. Wanaweka alama. Ukikaa bila kulipa, vinaenda mnada. "Rakini cha mtu mwingine hatugusi hata kidogo," akasema. "Ni vire tu wewe mwenyewe umesema yote ni yako. Chebet, amesema?"

"Amesema chukueni hata leo," Chebet akajibu. "Iko kwa video."

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Na hapo hapo, ndugu zangu, hapo hapo, likaingia getini gari jeusi linalong'aa mpaka ng'ombe wakajiona. Akashuka mzee mwenye tumbo na fimbo, na wazee wengine wawili nyuma yake.

"Mkwe!" akanguruma. "Mimi ni Wanyonyi, baba mdogo wa Nekesa. Sikupiga simu, nilitaka nikupate vile ulivyo!"

(Amenipata.)

Akaangalia ng'ombe. Akaangalia trekta. Akaangalia suti. Nikaona anavyofurahi, shavu moja baada ya lingine.

Nikamvuta Barasa kando nikamnong'oneza, "Hawa ndio wakwe. Nyinyi nilidhani ni wao. Tafadhali, uliza pole pole."

Barasa akaniangalia sana. "Ndio maana urimwita Chebet senge."

Kwa mara ya kwanza Chebet akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Haya," Barasa akasema, "washa tlekta tuone. Kama imekufa ni chuma tu, hatuna haja nayo."

Hilo lilikuwa tumaini langu! Haijawahi kuwaka tangu baba aondoke. Nikapanda. Mzee Wanyonyi akapiga fimbo chini, "Ndiyo hiyo, mkwe! Washa tusikie!" Na mimi niko juu pale, nimefumba macho, naomba Mungu isiwake. Miaka yote hii nimeomba iwake, leo naomba isiwake. Karani, tafadhali, kataa. Kataa kama ulivyozoea.

Nikazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza, nikashukuru.

Halafu ikawaka.

Ilitoa moshi mweusi ukawafunika wakwe wote. Ikatetemeka, ikashika, ikanguruma ile sauti. Ile ile. Jamani, nitasema ukweli kwa sababu nyinyi ni rafiki zangu: nilisahau kila kitu. Nilisahau ushuru, nilisahau Wanyonyi. Nilikuwa mtoto juu ya madigadi na baba alikuwa hapo, amenishika bega.

Nikageukia jikoni. Mama ametoka, ana mwiko mkononi, anaangalia geti. Haangalii trekta, anaangalia geti. "Nimeweka maji," akasema, hakumwambia mtu yeyote. Kisha akaniona huko juu na suti ile. Akasimama hapo hapo mlangoni, akaufuta mwiko kwa kanga ingawa ulikuwa safi.

Barasa alingoja, hilo namshukuru. Lakini kazi ni kazi. Na kwa vile trekta ilikuwa inanguruma, ule upole nilioomba haukuwezekana. Akapiga kelele:

"SIMIYU! HII TLEKTA NI YAKO AMA SI YAKO?"

Wanyonyi ananitazama akitabasamu. Nikisema ni yangu, nimepata mke na Karani anaenda mnada, atakatwa vipande auzwe kwa kilo. Nikisema si yangu, wakwe wote wamesikia. Nikamwangalia mama pale mlangoni.

"SI YANGU!"

"ATI?"

"SI YANGU! NI YA BABA! BABA ALIKUFA, HATUJAGAWANA KITU CHOCHOTE! NA SHAMBA NI YAKE!"

"NA NG'OMBE?"

"ZA WEKESA!"

"ZANGU!" Wekesa akajibu kutoka kwenye ua, kumbe muda wote yuko hapo.

"ZOTE?"

"ISIPOKUWA HUYO MZEE NA HUYO MWENYE HASIRA!"

Mama naye akaona asaidie. "HATA SUTI NI YA BABA YAKE!" akapaza. "NA VIATU NI VYA NDUGU YAKE!"

(Mama. Hakuna aliyeuliza viatu.)

Majirani walicheka mpaka mmoja akashika ua ukaanguka naye. Mzee Wanyonyi akapanda hasira, mishipa ya shingo ikasimama. Akaja mpaka kwenye gurudumu.

"Sasa huyu kijana ako na nini? Hebu niambie! Msichana wetu ni mwalimu! Mimi mwenyewe niko na maduka ya hadwea mbili Kitale, niko na lori ya mchanga, niko na nyumba za kupangisha, halafu nimpatie mtoto mtu wa viatu ya kuazima?"

Barasa akageuka pole pole. Akarudisha kofia kichwani.

"Hadwea mbiri?" akauliza kwa heshima. "Samahani mzee, hatujajuana. Sisi ni watu wa ushuru, ofisi ya Kitare. Unasema na rori?"

Nimeona watu wakifilisika. Mimi mwenyewe nimefilisika. Lakini sijaona mtu akifilisika haraka kama Mzee Wanyonyi.

"Lori? Hiyo ni... hiyo ni ya kanisa."

"Na hadwea?"

"Ya marehemu."

"Marehemu nani?"

"Tuna marehemu wengi."

"Na hii gari mmekuja nayo?"

Mzee akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashika jina la kwanza alilolikumbuka. "Nimeazima. Kwa Wekesa!"

"Ati mimi?" Wekesa akaruka. Barasa akamwangalia Wekesa. Na Wekesa, mwenye kundi la maana, akatangaza mbele ya watu kwamba hata hao ng'ombe ukichunguza vizuri ni wa mke wake, akawaswaga kwenda kwao mbio, mpaka yule wetu mwenye hasira akaondoka nao. Ikabidi arudishwe.

Boma lote lilikuwa limejaa watu wenye mali. Ghafla sote tukawa maskini. Wale wazee wawili walishaingia kwenye gari wakalala kwenye viti wasionekane.

Barasa na Chebet hawakuchukua kitu. Wameweka alama kwa yule ng'ombe mwenye hasira (huyo kweli ni wangu, na nawatakia heri), na tumekubaliana niende ofisini Jumatatu tupange niwe nalipa kidogo kidogo. Trekta hawakuigusa. Wakati wa kuondoka Barasa aliniambia, "Hiyo injini ya mzee ni nzuri. Rakini andikeni mambo ya urithi, siku ingine usiseme ni yako kama si yako." Nikamwambia nimesikia. Kuku hakumla mpaka mwisho.

Wakwe ndio waliokula. Hasira ya Mzee Wanyonyi iliisha mara pikapu ilipopotea barabarani. Alikula firigisi, akaomba mchuzi, akanivuta kando.

"Kijana," akasema, "hiyo mambo ya ng'ombe tutaongea. Hakuna haraka. Ila usitume pesa kwa simu, hao wa ushuru wataona, na jina langu usilitaje mahali popote."

"Sawa, baba."

"Umeruka mali yako, umeikana mbele ya watu wote, ili mama yako abaki na trekta," akasema. Akafuta mdomo. "Mimi niliruka yangu bure tu."

Nekesa amepiga simu. Anacheka hawezi kuongea, kwa hivyo bado sijui kama naoa. Nadhani naoa.

Na Karani bado inanguruma hapo mbele, ndiyo maana naandika kwa makosa, siisikii hata akili yangu. Nilikwenda kuizima. Mama ameleta kigoda amekaa karibu na gurudumu, anapepeta maharagwe yake kwenye moshi, na akaniambia niache. Nikamwambia dizeli itaisha. Akasema iishe yenyewe, si mimi wa kuizima.

Kwa hivyo anayetaka kuja kunicheka, aje tu, ila aje na dizeli.